Dawa za Kisukari na Moyo Ulioshindwa

Kisukari na moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo ni magonjwa ambayo mara nyingi humwandama mtu mmoja. Hata hivyo, kwa miongo mingi dawa za kisukari zilipimwa kwa jambo moja tu: zimeshusha sukari au la. Moyo ulisahauliwa.

Metformini, yenye asili katika mmea wa galega, ilianza kutolewa kwa wagonjwa wa kisukari na daktari Jean Sterne mjini Paris mwaka 1957. Wenye moyo ulioshindwa walinyimwa kwa hofu ya asidi kujaa katika damu. Marekani iliondoa katazo hilo mwaka 2006, ingawa aliyezidiwa ghafla au mwenye figo zilizochoka sana bado hapewi.

Kosa kubwa zaidi lilikuja na rosiglitazoni na pioglitazoni, zilizoingia sokoni Marekani mwaka 1999. Sukari ilishuka, lakini figo zikashikilia chumvi na maji, mzigo unaoulemea moyo. Viatu vilivyomwingia mgonjwa asubuhi akitoka Nkoaranga au Ngaramtoni, mkoani Arusha, havimwingii jioni. Kifundo cha mguu kikibonyezwa kwa kidole, shimo linabaki. Mwaka 2008 Marekani ikaweka sharti: kila dawa mpya ya kisukari ithibitishwe kuwa haiongezi hatari kwa moyo.

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipita Arusha kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa waliyoyapeleka, na kiu yao ya kupona ilikuwa ya kweli. Wakati huohuo maabara za ng'ambo zilikuwa zikikamilisha kazi iliyoanzia kwenye mzizi mwingine, wa mtufaha, ambao gome lake lilitoa floridzini mwaka 1835.

Dawa zilizozaliwa na floridzini huzuia figo kurudisha sukari kwenye damu, nayo hutoka na mkojo ikifuatana na chumvi na maji. Mwaka 2015 jaribio la mojawapo, empagliflozini, kwa wagonjwa zaidi ya 7,000 lilionyesha kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kumepungua kwa asilimia 35. Mwaka 2019 dapagliflozini, nyingine ya kundi hilo, iliwasaidia hata wagonjwa wa moyo wasio na kisukari.

Madhara ya dawa hizi nayo yanajulikana: fangasi sehemu za siri, upungufu wa maji mwilini, na mara chache asidi ya ketoni kwenye damu. Kwa hiyo anayetapika, anayeharisha au anayesubiri upasuaji husimamishiwa vidonge kwa muda, na mwenye kisukari cha aina ya kwanza kwa kawaida haandikiwi.