Zahanati ya Kijiji (Tanzania Bara)

Zahanati ni ngazi ya chini kabisa ya tiba ya serikali katika Tanzania Bara, nayo ndiyo mlango ambao aghalabu ya watu wa shamba huupitia kwanza wanapougua. Kwa kanuni ya Wizara ya Afya zahanati moja hukusudiwa kuhudumia watu 6,000 hadi 10,000. Juu yake kipo kituo cha afya, kinachohesabiwa watu wapatao 50,000, kisha hospitali ya wilaya, ya mkoa, na za kanda kama Bugando na KCMC, hata kufikia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Mganga mfawidhi wa zahanati kwa kawaida si daktari wa shahada bali ni tabibu, naye akisaidiwa na muuguzi mkunga na mhudumu, ikiwa wapo wote, ndiye apimaye homa, achomaye chanjo, agawaye dawa, na jioni, wagonjwa wakisha kuondoka, ndiye ajazaye vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambavyo wilaya huvitaka kila mwezi.

Asili ya zahanati ni vijumba vya dawa vilivyowekwa chini ya serikali za wenyeji wakati wa Mwingereza, ambamo dresa, mtu aliyefunzwa kufunga vidonda na kutoa dawa chache, alikuwa tabibu na karani pia, ilhali fedha nyingi za afya zikenda katika hospitali za mijini. Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Richard Titmuss, mwanachuoni wa London, ilitoa mwaka 1964 taarifa juu ya huduma za afya za Tanganyika, ikashauri kwamba kinga na vituo vya vijijini vitangulizwe mbele ya hospitali kubwa. Na Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaipa rai hiyo nguvu ya siasa. Hivyo, mataifa yalipokutana Alma-Ata mwezi Septemba 1978 na kutangaza azma ya afya kwa wote ifikapo mwaka 2000, Tanzania ilikuwa imekwisha kuishika njia hiyo: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takriban milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vilivyozunguka nyumba zao.

Walakini kujenga ni jambo moja, na kuiendesha nyumba iliyojengwa ni jambo jingine. Katika miaka ya 1980, nchi ikiwa katika ukata mkubwa wa fedha za kigeni, dawa zililetwa vijijini kwa msaada wa Denmark na UNICEF katika masanduku yaliyofungwa, yenye dawa zile zile kwa zahanati ya pwani iliyojaa malaria na kwa zahanati ya nyanda za baridi. Masanduku hayo yaliokoa watu wengi, na haki yao isisahauliwe. Lakini kila mfawidhi wa siku zile alijua dawa ambayo ingekwisha kabla ya mwezi kwisha, na ile ambayo ingebaki rafuni hadi muda wake upite. Baadaye zahanati ziliruhusiwa kuagiza zenyewe mahitaji yao kutoka Bohari ya Dawa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993.

Mwaka huo huo wa 1993 ndipo ulipoanza uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali. Wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano walisamehewa, lakini msamaha wa karatasini hauna faida kwa mama aambiwaye aje na glovu, wembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika kitandani, naye hana hata nauli.

Katika habari zote za zahanati hakuna iliyo na mafunzo zaidi ya ile ya Rufiji na Morogoro Vijijini, ambako tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada, iliwapa wakuu wa afya wa wilaya hizo kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: hesabu ya maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wao wenyewe. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, wakiandika kila kizazi na kila kifo, wakiwauliza wafiwa dalili zilizotangulia. Ikadhihirika kwamba huko Morogoro malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya mwaka 1996 ilipata asilimia 5 tu. Wakuu hao wakazigeuza fedha zielekee kwenye maradhi yenyewe: matabibu wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu dalili moja, vyandarua vikahimizwa, na wanavijiji wakashiriki kwa mikono yao kukarabati majengo yaliyochakaa. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikufikia dola moja ya Kimarekani kwa mtu kwa mwaka, na vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano. Si haki kusema hesabu peke yake ndiyo iliyofanya hayo, maana vyandarua vilikuwa vikienea wakati ule ule. Lakini bila hesabu wasingejua pa kuanzia.

Yapo pia ambayo bajeti haiyafikii. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo ulionyesha kwamba mama wengi waliiona homa kuwa ni ya kupelekwa zahanati, bali mtoto akishikwa na degedege walimpeleka kwa mganga wa kienyeji, kwa itikadi kwamba sindano humwua mwenye degedege. Na malaria kali ndiyo iletayo degedege hilo mara nyingi. Mfawidhi asiyeyajua haya atamlaumu mama kwa kuchelewa, na mama hatarudi.

Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Wananchi waliitikia kwa hamasa, wakafyatua matofali na kuinua kuta, na pengi kuta hizo zilibaki maboma yasiyo na paa, au zikaezekwa zikakosa mganga. Tangu mwaka 2022 mpango wa m-mama umeenezwa nchini, ambapo kwa kupiga namba 115 mama mwenye uchungu wa hatari hutafutiwa gari la wagonjwa, na likikosekana huitwa dereva wa jirani anayelipwa kwa safari hiyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo yamtaka kila mkazi awe na bima, na imeweka mfuko wa kuwalipia wasiojiweza. Hivyo suala ambalo halmashauri za vijiji zimekabiliana nalo tangu uchangiaji ulipoanza, yaani nani hasa ni fakiri astahiliye kulipiwa, sasa lataka jibu katika kila kijiji cha Bara.