Maji, Figo na Mifupa: Kwa Nini Mgonjwa wa Dialisisi Huvunjika kwa Urahisi?

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo familia nyingi hapa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya na Embu hulijua tu siku mgonjwa wao anapoanguka. Ni kuvunjika kwa mifupa kwa watu wanaosafishwa damu kwa mashine, yaani dialisisi.

Mgonjwa huteleza kidogo mlangoni, nyonga ikavunjika. Majirani husema, "Ni ile mashine inayomla mifupa." Ukiamini hivyo, unaweza kushawishika kumwondoa mgonjwa kwenye mashine. Kufanya hivyo ni kumpoteza, kwa maana mtu ambaye figo zake zimekufa hawezi kuishi muda mrefu bila dialisisi. Kwa hiyo tuulize swali lenyewe: je, mashine ndiyo yenye makosa? Ili tupate jibu, turudi nyuma kidogo.

Figo zinahusiana vipi na mifupa?

Mwaka 1883, daktari wa London aitwaye Clement Lucas aliandika juu ya vijana waliopata matege wakiwa wamekwisha kuwa wakubwa, na mkojo wao ulikuwa na dalili za ugonjwa wa figo. Wakati huo hapakuwa na mashine ya dialisisi popote duniani. Basi tazama, mama: ugonjwa wa figo ulikuwa ukiharibu mifupa kabla mashine haijabuniwa.

Sababu ilichukua muda mrefu kujulikana. Mwaka 1970, Fraser na Kodicek wa Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba ni figo zinazoigeuza vitamini D iwe na nguvu ya kufanya kazi mwilini. Bila vitamini D hiyo, kalsiamu ya chakula hainyonywi vizuri tumboni. Pia figo ndizo zinazotoa madini ya fosfeti kupitia mkojo. Zikishindwa, fosfeti hujaa katika damu. Hapo tezi nne ndogo zilizo shingoni, kila moja kama punje ya mchele, humwaga homoni nyingi inayoamrisha mifupa itoe kalsiamu yake. Ni kama mtu anayeng'oa mbao za ghala ili apate kuni. Moto utawaka, lakini siku moja ghala litaanguka.

Mashine yaja

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mwaka 1943, Daktari Willem Kolff alitengeneza mashine ya kusafisha damu katika mji wa Kampen, Uholanzi. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Mwaka 1945 mama mmoja wa miaka 67 aliponea. Lakini mashine ile ilifaa kwa siku chache tu, mpaka figo zipone zenyewe. Ni mwaka 1960 ambapo Belding Scribner wa Seattle, Marekani, alipata njia ya kuacha mrija mkononi mwa mgonjwa ili arudi kwenye mashine tena na tena. Mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, aliishi miaka kumi na moja zaidi.

Hapo ndipo tatizo jipya lilipojitokeza. Watu walipoanza kuishi miaka mingi kwa mashine, mifupa ilipata muda wa kudhoofika.

Mkasa wa maji ya Newcastle

Katika miaka ya 1970, madaktari wa Newcastle, Uingereza, waliona jambo la kutisha. Wagonjwa wao wa dialisisi walivunjika mbavu na nyonga bila kuanguka kwa kishindo. Walipewa vitamini D lakini wengi hawakupata nafuu. Wengine walianza kushindwa kusema na kuchanganyikiwa akili.

Mwaka 1978 madaktari hao walieleza kwamba chanzo kilikuwa katika maji, na yaelekea kilikuwa alumini. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vituo 18 vya Uingereza ulionyesha kwamba mahali ambapo maji yalikuwa na alumini nyingi, ndipo mifupa ilipovunjika zaidi.

Alumini iliingiaje? Mama, shabu unaijua, ile inayotiwa katika maji machafu ili tope litue chini. Shabu ina alumini, na miji mingi duniani husafisha maji ya mfereji kwayo. Ukiyanywa, utumbo huzuia karibu alumini yote, na figo nzima hutoa ile kidogo iliyopita. Lakini mgonjwa wa dialisisi hana figo, na katika kikao kimoja cha saa nne damu yake hupita karibu na lita 120 hivi za maji, zikitenganishwa na utando mwembamba tu. Alumini ilivuka utando huo na kukaa katika mifupa.

Tangu hapo, maji ya dialisisi huchujwa kwa mitambo maalum kabla ya kufika kwenye mashine, na hupimwa. Kwa hiyo jibu letu ni hili: zamani maji ya mashine yalikuwa na makosa, na makosa hayo yalipata dawa. Lakini lile tatizo la mwaka 1883, la figo zenyewe, bado lipo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba nyonga za wagonjwa wa dialisisi huvunjika takriban mara nne zaidi ya za watu wengine.

Na huku kwetu?

Kwa miaka mingi wagonjwa wengi wa upande huu wa Mlima Kenya walilazimika kwenda Nairobi, safari ya kilomita 150 hivi kutoka Nyeri, ili wapate mashine. Mwaka 2015 serikali ilianza mpango wa kupeleka vifaa, zikiwemo mashine za dialisisi, katika hospitali za kaunti. NHIF nayo ikawa inalipia vikao viwili kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo imeshikwa na SHA. Sasa watu wetu wanaishi miaka mingi kwa mashine. Hiyo ni habari njema, lakini ndiyo maana sasa tuiangalie mifupa yao.

Mlezi afanye nini?

Kwanza, vidonge vya kuzuia fosfeti vimezwe pamoja na chakula. Vikimezwe saa mbili baadaye havisaidii kitu.

Pili, punguza soda nyeusi, soseji na nyama za kopo. Kuhusu maziwa na maharagwe, muulize mtaalamu wa lishe kiasi kinachofaa. Usimnyime mgonjwa chakula kwa kubahatisha.

Tatu, usimnunulie dawa ya kiungulia dukani bila kuuliza. Baadhi yake zina alumini.

Nne, jihadhari na kuanguka. Baada ya mashine, presha hushuka na kichwa huzunguka. Aketi kwanza, ashikwe mkono kupanda matatu. Miteremko yetu ya udongo mwekundu huteleza sana mvua za Machi hadi Mei. Usiku, mwekee tochi na ndoo karibu na kitanda ili asiende choo cha nje gizani.

Tano, uliza kliniki damu ipimwe kalsiamu, fosfeti na homoni ya zile tezi za shingoni. Una haki pia ya kuuliza maji ya mashine hupimwa mara ngapi.

Sita, mtoto mwenye ugonjwa wa figo akianza kupinda miguu au kudumaa, mpeleke hospitalini mapema.

Akianguka, usimvute wala kumkanda. Mfunge alivyo, mpeleke hospitalini, na useme mara moja kwamba yuko kwenye dialisisi. Mkono wenye mshipa wa mashine usifungwe kwa kubana, usidungwe wala kupimwa presha. Usimpe dawa za maumivu za dukani. Na kikao cha mashine kisikosekane kwa sababu ya kuvunjika. Waombe madaktari wakipange.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa mifupa huanza kimya, miaka mingi kabla ya siku ya kuanguka.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kwa nini figo zikiharibika mifupa hudhoofika?
2. Ni mahali gani nyumbani kwako ambapo mgonjwa anaweza kuteleza, na utapatengeneza vipi wiki hii?