Kanivali Isiyo na Kwaresima

Mashindano ya kuogelea ya shule Uingereza huitwa gala. Australia huitwa kanivali. Neno hilo limetoka Italia, na asili yake ni kuondoa nyama mezani: ndilo vunjajungu la Wakatoliki kabla ya Kwaresima. Shule za Australia hufungua mwaka mwishoni mwa Januari, jua la kiangazi likiwaka, na kanivali nyingi za kuogelea huangukia Februari au Machi. Mtu anaweza kudhani basi kwamba jina limetokana na kalenda ya Kanisa. Dhana hiyo haisimami, kwa sababu kanivali za riadha hufanyika katikati ya mwaka, na waokoaji wa ufukweni nao wana zao. Mfungo umeachwa njiani. Kilichobaki ni shamrashamra.

Atatokea wa kusema kwamba jina ni jina tu, mwamuzi ni saa. Ni kweli, wenye kasi husonga mbele hadi ngazi ya kanda na jimbo. Lakini siku yenyewe wanafunzi hukaa kwa nyumba zao, yaani makundi yao ya shuleni, kila nyumba na rangi yake, wakiimba hadi sauti zikauke, na asiye hodari wa kuogelea huwekewa mchezo wake kwenye maji ya kina kifupi ili naye aiongezee nyumba alama. Saa humpata mshindi mmoja. Kanivali huhitaji halaiki.

Hapo ndipo penye uzito, maana jambo la halaiki huzua swali la nani aingie. Chama cha waogeleaji wanawake cha New South Wales kiliwakataza wanachama wake kushindana mbele ya wanaume. Kanuni hiyo ilipolegezwa mwaka 1912, rais wa chama, Rose Scott, alijiuzulu, naye mwogeleaji Fanny Durack akaenda Stockholm na kurudi na dhahabu ya Olimpiki ya mita 100. Katika mji wa Moree, azimio la baraza la mwaka 1955 liliwafungia Waaborijini bwawa. Watoto wao waliingia wakiwa na shule. Masomo yakiisha, lango lilikuwa la wengine. Februari 1965 Charles Perkins na wanafunzi wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney waliwapeleka watoto hao langoni, wakasimama nao mpaka wakaingia. Neno lilikuwa limeahidi sherehe ya wote. Ilibidi watu waje kulidai deni hilo.