Kitunguu cha Kipupwe Tabora: Nani Alikuwa Anamwagilia?



Kila mwaka mvua zikikatika, swali ni lile lile: "Bwana shamba, hivi Tabora hapa kitunguu kinakubali?" Mtu anaona magunia yakishushwa kutoka Singida, anaamini kitunguu ni zao la watu wa kwingine. Leo sianzi na mbolea wala dawa. Naanza na historia, maana jibu la swali hilo limekuwepo kwa zaidi ya miaka 150, na ndani yake kuna hesabu ambayo wengi wetu tunairuka.

Kitunguu kilikuwepo Unyanyembe

Katikati ya karne ya 19, Tabora, ambayo wageni wengine waliiita Kazeh, ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Waarabu, wengi wao wenye asili ya Oman, walijenga matembe yao hapa Unyanyembe wakifanya biashara ya pembe za ndovu na watumwa. Burton na Speke walifika Novemba 1857, baada ya kutembea zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Henry Stanley alifika Juni 1871, kipupwe kimeshaingia.

Stanley ameandika alichokiona. Mtama, mahindi, mihogo, viazi vitamu na choroko vilikuwa rahisi na vilipatikana wakati wote. Kuzunguka matembe kulikuwa na ngano kidogo, michungwa, milimau, mipapai na miembe. Tena kulikuwa na vitunguu maji, vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya. Lakini angalia neno moja: mgeni alivipata vitu hivi vya bustani kwa Waarabu wakubwa. Chakula cha shamba kilikuwa cha kila mtu. Kitunguu kilikuwa cha tajiri.

Kwa nini? Ardhi ilikuwa ile ile na jua lile lile. Tofauti ilikuwa mikono.

Kiangazi na mikono

Mvua zetu huanza karibu Novemba na kuisha karibu Aprili. Kitunguu hakipendi mvua nyingi kikiwa kinakomaa, kwa hiyo wakati wake mzuri ni kiangazi, kikipita kwenye baridi ya Juni na Julai. Lakini kiangazi ndio ulikuwa msimu wa safari. Wanyamwezi walilima wakati wa mvua, wakavuna, kisha wanaume wengi wakashika mizigo kwenda pwani, wakarudi kuwahi kilimo. Familia ya kawaida ilibaki na watu wachache wakati ambao bustani inadai maji kila siku.

Tajiri wa tembe hakuwa na shida hiyo. Alikuwa na watumwa. Ndio waliolima mashamba yake na kufanya kazi za nyumba yake. Mgeni alisifu meza, na aliyeteka maji hakutajwa jina.

Mwaka 1873 biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Zanzibar. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya kubeba mizigo kichwani ikafa. Mwaka 1922 utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika. Mikono ya bure ikaisha kwenye sheria.

Je, imeisha nyumbani kwetu?

Ndoo 250

Chukua kalamu. Kiangazi, kitunguu kinahitaji wastani wa lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Hizo ni lita 5,000, yaani ndoo 250 za lita 20, kila siku ya kumwagilia ikihesabiwa. Nani anazibeba? Mara nyingi ni mama na watoto, na jina la bustani ni la baba. Mwisho wa msimu tunaandika mbegu, mbolea na usafiri, tunasema "nimepata faida". Kama maji yale yangelipiwa kibarua, faida ingebaki?

Sisemi usilime kitunguu. Nasema lima kwa kipimo cha maji yako. Kama nyumba inaweza kuteka ndoo 40 kwa siku bila mtoto kukosa shule, hizo ni lita 800: zinatosha matuta 16 ya mita 1 kwa 10. Ukitaka robo eka, kwanza tafuta pampu, au shamba la bondeni ambako kisima ni kifupi. Na kazi ya kila mtu iandikwe kwenye daftari, tena alipwe fedha ikipatikana.

Mpangilio wa msimu

1. Sia kitalu mwishoni mwa Aprili. Tumia mbegu ya mwaka huu. Mbegu ya kitunguu huchoka haraka ikikaa kwenye joto na unyevu.
2. Chagua mbegu ya siku fupi, kama Red Creole au Bombay Red. Mchana wetu ni kama saa 12. Mbegu za nchi za baridi zinazotaka mchana mrefu zitakupa majani tu.
3. Weka samadi iliyoiva. Udongo wetu mwingi ni kichanga, maji hupita haraka.
4. Hamisha miche baada ya wiki 6 hadi 8. Miche minene kuliko penseli iache. Ikipigwa na baridi hukimbilia kutoa maua.
5. Tandaza majani makavu kati ya mistari, umwagilie asubuhi. Hapo unapunguza ndoo.
6. Shingo zikianza kulala, acha kumwagilia. Vuna Septemba au Oktoba, kabla ya mvua.
7. Anika kivulini penye upepo mpaka shingo zikauke kabisa. Kitunguu kibichi ukikiweka stoo kitaoza, na utalazimika kukubali bei ya dalali.

Kwa wafanyabiashara: nunueni kwa kilo. Lumbesa ni njia nyingine ya kuchukua jasho la mtu bila kulilipa.

Ukipita Kwihara kwenye nyumba ya kumbukumbu ya Livingstone, aliyekaa pale kipupwe chote cha 1872 akisubiri wapagazi, mkumbuke na yule aliyekuwa akiteka maji kwenye matembe ya jirani. Kitunguu kinakubali Tabora, na kilikubali tangu zamani. Kazi yetu ni kuhakikisha safari hii aliyemwagilia naye anakula.