Mlango wa Daftari: Historia ya Kuunganisha Kurasa za Wavuti na Blokicheni, 2015–2025

Mtandao wa Ethereum ulipoanza kufanya kazi tarehe 30 Julai 2015, kivinjari cha kawaida hakikuwa na njia ya kuzungumza na blokicheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi zisizo na mkuu mmoja. Aliyetaka kutuma muamala alilazimika kuendesha nodi yake mwenyewe, au kutumia kivinjari maalumu kilichoitwa Mist, ambacho nacho kilipakua sehemu kubwa ya daftari kabla ya kufaa kitu. Makala haya yanachunguza jinsi pengo hilo lilivyozibwa katika miaka kumi iliyofuata. Yanadai kwamba kanuni ambazo waandaaji programu leo huziita desturi njema hazikubuniwa mezani. Nyingi zilitokana na madhara yaliyokwisha kutokea, na madhara hayo yalitokea mlangoni, si ndani ya daftari.

Mlango wenyewe ulifunguliwa mwaka 2016 na MetaMask, programu nyongeza ya kivinjari iliyotunza ufunguo wa siri wa mtumiaji na kupenyeza katika kila ukurasa aliofungua kipande cha msimbo cha kuulizia daftari. Kazi ya nodi ilichukuliwa na kampuni za kati, hasa Infura. Urahisi huo ndio ulioivusha Ethereum kutoka mikononi mwa mafundi, lakini ulikuwa na gharama. Kila tovuti iliweza kutambua kwamba mgeni wake ana pochi, na pochi ikiwa wazi, kusoma anwani yake bila kuomba idhini. Kwa kuwa daftari ni la hadharani, kuijua anwani ni kujua salio na historia nzima ya miamala. Pendekezo nambari 1102 la mwaka 2018 lilidai ukurasa uombe ruhusa kwanza. Mwaka huohuo pendekezo nambari 1193 liliweka muundo mmoja wa mazungumzo kati ya ukurasa na pochi.

Suala la sahihi lilikuwa zito zaidi. Ethereum ilipogawanyika Julai 2016, muamala uliotiwa sahihi upande mmoja uliweza kurudiwa upande wa pili bila idhini ya mwenyewe. Ndipo nambari ya mtandao ikaanza kuingizwa ndani ya sahihi, na hadi leo ukurasa usiohakiki nambari hiyo huhesabiwa kuwa wa kizembe. Aidha, njia ya awali ya kutia sahihi ilimwonyesha mtumiaji mfululizo wa herufi na tarakimu usiosomeka. Ilikuwa sawa na kuweka dole gumba kwenye barua iliyoandikwa kwa lugha ya wageni. Pendekezo nambari 712, la mwaka 2017, liliwezesha pochi kuonyesha yaliyomo kwa vipengele vinavyoeleweka.

Utegemezi kwa kampuni za kati ulidhihirika tarehe 11 Novemba 2020, Infura ilipokwama na baadhi ya masoko ya kubadilishia sarafu, Binance likiwamo, yakasitisha utoaji wa ether kwa muda. Agosti 2022, Wizara ya Fedha ya Marekani ilipoiwekea vikwazo huduma ya Tornado Cash, Infura na Alchemy zilifunga njia ya kuifikia. Mikataba-janja yake iliendelea kufanya kazi ndani ya daftari, ila wengi hawakuwa tena na mlango wa kuingilia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 kuhusu mali za kripto inaziacha nje huduma zisizo na mpatanishi yeyote. Tofauti hiyo ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa, kwa maana jina la tovuti, seva na akaunti ya nodi daima huwa mikononi mwa mtu fulani.

Wezi waliligundua hilo mapema. Tarehe 24 Aprili 2018, wageni wa tovuti ya MyEtherWallet walielekezwa kwenye seva ya uongo baada ya njia zinazoelekea kwenye huduma ya majina ya Amazon kutekwa kwa takriban saa mbili. Vivinjari viliwaonya kuhusu cheti. Waliopuuza walipoteza kiasi cha dola 150,000. Desemba 2021, mvamizi aliyepata ufunguo wa huduma ya Cloudflare aliyoitumia BadgerDAO alipachika msimbo ulioomba idhini ya kuhamisha sarafu za watumiaji, na takriban dola milioni 120 zikaondoka. Desemba 2023 ilikuwa zamu ya maktaba ya msimbo ya Ledger, iliyochafuliwa kupitia akaunti ya mfanyakazi wa zamani aliyelaghaiwa. Tovuti nyingi zilikuwa zikipokea toleo jipya la maktaba hiyo bila kulikagua. Ushauri wa kufunga toleo la kila maktaba ulikuwapo kabla ya hapo, wachache waliujali.

Tukio la tarehe 21 Februari 2025 liliyapita yote. Soko la Bybit lilipoteza takriban dola bilioni 1.5, na FBI ikaitaja Korea Kaskazini kuwa mhusika. Mikataba-janja ya pochi ya Safe haikuvunjwa. Kilichobadilishwa ni faili la msimbo wa ukurasa katika hifadhi ya Amazon, likalengwa kwa Bybit: maofisa waliona muamala wa kawaida kwenye kioo, huku vifaa vyao vikitia sahihi muamala mwingine. Dakika mbili baada ya wizi, faili safi lilirudishwa mahali pake. Daftari lilitunza kila hatua ya fedha hizo, ilhali ukurasa uliowadanganya maofisa haukuwa na kumbukumbu rasmi popote. Wachunguzi waliukuta katika nakala za muda zilizosalia ndani ya vivinjari vya waliotia sahihi.