Tembe, Kongwa na Banda la Chuma: Swali kutoka Unyambwa

Mwanafunzi mmoja mwenyeji wa Singida aliniuliza darasani: kwa nini kata kama Unyambwa isijengewe mabanda ya chuma, mboga zikalimwa ndani bila udongo mwaka mzima? Swali hilo si la kubezwa. Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili, nazo ni kati ya milimita 500 na 800 tu kwa mwaka. Hata hivyo, kabla ya kujibu ni vema tuulize historia: jengo huwa chombo cha kilimo kwa masharti gani?

Wanyaturu walikuwa na jibu lao. Mwanaanthropolojia Mmarekani Harold Schneider, aliyechapisha kitabu juu ya uchumi wa Wahi Wanyaturu mwaka 1970, alionyesha jinsi ng'ombe na nafaka vilivyofungamana. Boma la mifugo lilikuwa sehemu ya makazi, samadi ikapelekwa mashambani, mtama na uwele vikastawi katika udongo ambao peke yake ungechoka upesi. Tembe na zizi vilikuwa basi mtambo wa kurutubisha ardhi, na kila kilichohitajika kuuendesha kilipatikana papo hapo.

Kilimo cha bila udongo, yaani haidroponiki, kina chimbuko jingine. Tangu mwaka 1929, William Gericke wa Chuo Kikuu cha California alikuza mimea katika maji yaliyochanganywa na virutubisho. Mwaka 1945 jeshi la Marekani lilikitumia katika kisiwa cha Ascension, penye miamba ya volkano na uhaba wa maji baridi, ili askari wapate mboga mbichi. Kilifaulu mahali ambapo udongo wa kulima ulikuwa haba na mlipaji hakuwa mkulima anayetafuta faida.

Kilipoingia sokoni, hesabu ilibadilika. Kampuni ya AeroFarms ilikuza mboga za majani chini ya taa za umeme mjini Newark, Marekani, katika jengo lililokuwa kiwanda cha chuma. Juni 2023 iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Mboga zilistawi, fedha ndizo zilizonyauka.

Nasi tunalo somo la karibu zaidi. Mwaka 1946 ujumbe wa Waingereza ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, ukapendekeza mashamba ya karanga ya zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa yakiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, lakini mvua haikutosheleza, na kiangazi kiliufanya udongo kuwa mgumu kama saruji. Mradi ulipofutwa mwaka 1951, takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Mitambo ilitangulia, majaribio yakafuata.

Turudi Unyambwa. Chuma kina faida yake: hakiliwi na mchwa, na paa la mabati huvuna maji. Paa la mita 20 kwa 10, mvua ikiwa milimita 600, hupokea lita 120,000 kwa msimu kabla ya kutoa yanayopotea. Lakini banda lililofungwa pande zote hudai taa na feni katika nchi yenye jua la bure. Kwa hiyo kitalu nyumba chenye fremu ya chuma, plastiki na wavu kinaifaa Singida zaidi ya ghala lenye giza. Tena virutubisho hununuliwa dukani kila msimu, na mazao yake ni nyanya, pilipili hoho na mboga za majani. Mtama na alizeti vitabaki shambani.

Hatari iko kwa mkopaji. Hasara ya Kongwa ilibebwa na hazina ya Uingereza. Leo, kikundi cha vijana kinachojenga banda kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ndicho kitakachodaiwa pampu ikikaa bila umeme au nyanya zikikosa mnunuzi mjini Singida. Sherehe ya uzinduzi hailipi deni.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa halmashauri, lianzishe banda moja, litunziwe hesabu za maji, umeme, virutubisho na mauzo kwa misimu miwili, kisha hesabu hizo zibandikwe kwenye ofisi ya kata ili kila mwananchi azisome. Nanyi vijana mnaodai ajira, zidaini hesabu hizo kabla ya kutia saini mkataba wa mkopo. Zikionyesha faida, mabanda kumi na yajengwe. Zisipoonyesha, tutakuwa tumepoteza banda moja tu, na hakuna kizazi kitakachorithi deni letu.