Nani Aliyeteremka? Historia ya Miteremko Migumu ya Theluji Ikisomwa kutoka Kibo na Kariakoo

Ikisiri

Insha hii inachunguza namna historia ya miteremko migumu zaidi iliyowahi kuteremkwa kwa skii inavyoandikwa, na nani huhesabiwa ndani yake. Mfano wa msingi ni Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, ambako skii zilitumika kwa mara ya kwanza mwaka 1912. Mfano huo unalinganishwa na miteremko ya Alps na Himalaya, kisha unasomwa sambamba na historia ya Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam unaobeba jina la jeshi la wapagazi. Hoja kuu ni kwamba kipimo cha ugumu kinachotumiwa na wanahistoria wa mchezo huu kinapima mwinuko, kimo na uso wa theluji, lakini kinaacha kazi ya ubebaji iliyoufanya mteremko uwezekane.

1.0 Utangulizi

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtafiti aliyesomea Dar es Salaam, mji ambao haujawahi kuona theluji, ajishughulishe na mchezo wa nchi za baridi. Jibu la kwanza ni la kijiografia. Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika, wenye kimo cha mita 5,895, uko ndani ya mipaka ya Tanzania, na barafu yake imo katika kumbukumbu za kisayansi kwa zaidi ya karne moja. Jibu la pili ni la kihistoria. Mahali panapoitwa Kariakoo palipata jina hilo kutokana na jeshi la wapagazi lililojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, ambalo Waingereza waliliweka hapo baada ya kuitwaa Dar es Salaam Septemba 1916. Mtu anayeandika historia ya kupanda na kuteremka milima ya nchi hii akiwa Kariakoo anaandika akiwa juu ya jina la watu waliobeba mizigo.

Insha ina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza vipimo vya ugumu. Ya pili inajadili Kibo mwaka 1912 na baadaye. Ya tatu inarudi Dar es Salaam kuhoji maana ya neno ugumu lenyewe.

2.0 Vipimo vya Ugumu katika Historia ya Skii

Katika maandishi ya mchezo huu, mwinuko huelezwa kwa njia mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Njia ya kwanza ni asilimia, yaani kimo kinachopotea kikigawanywa kwa umbali wa mlalo. Ya pili ni digrii. Asilimia 100 ni sawa na digrii 45, si ukuta uliosimama wima kama wengi wanavyodhani. Tofauti hii ni muhimu kwa mtafiti anayelinganisha vyanzo. Njia ya mashindano iitwayo Streif, iliyoko Kitzbühel nchini Austria, hutajwa kuwa na mwinuko wa hadi asilimia 85, ambao ni takribani digrii 40. Sifa yake inatokana na mwinuko huo ukiunganishwa na kasi, kwa kuwa mshindani hushuka zaidi ya kilomita 3 katika muda wa dakika mbili hivi, juu ya uso uliogandishwa makusudi.

Tawi la pili la mchezo halina mashindano wala njia iliyotayarishwa. Wateremkaji wake hutafuta kuta na mifereji ya milima ambayo hapo awali ilikuwa ya wapandaji pekee. Sylvain Saudan, raia wa Uswisi, hutajwa kama mwasisi wa kizazi hicho kutokana na mteremko wake wa mwaka 1967 katika mfereji wa Spencer, juu ya Chamonix, wenye mwinuko wa zaidi ya digrii 50. Katika mwinuko wa namna hiyo kosa moja halimwangushi mtu tu. Linampeleka hadi chini. Kwa sababu hiyo kasi si sifa hata kidogo, bali sifa ni uwezo wa kugeuka mara moja, kusimama, kisha kugeuka tena.

Baada ya Alps, macho yalielekea Himalaya na Karakoram, ambako upungufu wa hewa uliongezwa juu ya mwinuko. Tarehe 6 Mei 1970 Yuichiro Miura wa Japani aliteremka sehemu ya Everest kuanzia eneo la South Col, karibu mita 8,000, akiwa na mwavuli mgongoni wa kupunguza kasi. Alianguka, akaserereka umbali wa mita 400 hivi, akasimama karibu na ufa mkubwa wa barafu. Tarehe 7 Oktoba 2000 Davo Karničar wa Slovenia aliteremka kutoka kileleni Everest hadi kambi ya chini bila kuvua skii. Tarehe 22 Julai 2018 Andrzej Bargiel wa Poland alifanya hivyo K2, mlima wa mita 8,611, bila kutumia mitungi ya oksijeni. Septemba mwaka huohuo Hilaree Nelson na Jim Morrison, wote wa Marekani, waliteremka kutoka kilele cha Lhotse.

Katika orodha hii jambo moja linahitaji kusemwa waziwazi. Mwezi mmoja kabla ya mteremko wa Miura, tarehe 5 Aprili 1970, Masherpa sita waliokuwa wakiihudumia safari yake walifariki katika maporomoko ya barafu ya Khumbu. Filamu iliyotengenezwa kuhusu mteremko huo ilipata tuzo ya Oscar. Majedwali ya miteremko ya kihistoria yana mstari wa Miura. Mtafiti anayeyasoma majedwali hayo pekee hawezi kujua kwamba mteremko huo uligharimu maisha ya watu ambao hawakuteremka.

3.0 Kibo: Mwaka 1912 na Baadaye

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Miaka 23 baadaye, mwaka 1912, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo na kutumia skii katika theluji yake. Kwa kadiri historia ya mlima huo inavyoelezwa, hao ndio waliokuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Kwa kipimo cha digrii, Kibo haiwezi kushindana na mifereji ya Chamonix, kwa sababu ni koni ya volkano na sehemu kubwa ya miteremko yake ni ya wastani. Ugumu wake uko kwingine. Kileleni shinikizo la hewa ni takribani nusu ya lile la Kariakoo. Barafu yake iko digrii tatu hivi kusini mwa ikweta, hivyo jua huipiga karibu wima na kuichonga kuwa kuta na miiba. Uso ulioganda usiku huwa mgumu kama kioo alfajiri, na saa chache baadaye huwa tope la theluji. Mteremkaji hana majira ya baridi ya kuyasubiri. Ana saa chache tu za asubuhi.

Mwaka huohuo wa 1912 una umuhimu wa pili. Ndio mwaka ambao Fritz Klute na Eduard Oehler walifanya upimaji uliozaa ramani ya barafu ya Kilimanjaro, na ramani hiyo imekuwa msingi wa tafiti zote za baadaye. Kwa kuitumia, wanasayansi wameonesha kwamba eneo la barafu lililokuwa takribani kilomita za mraba 12 lilikuwa limepungua hadi chini ya 2 kufikia mwaka 2011. Hii ni sawa na upotevu wa takribani asilimia 85. Kwa hiyo mwaka wa skii za kwanza ndio pia mwaka wa kipimo cha kwanza cha kile ambacho kingetoweka. Mteremko wa 1912 hauwezi kurudiwa leo kwa maana kamili ya neno kurudia, kwa kuwa sehemu kubwa ya uso ulioteremkwa haipo. Wateremkaji waliokuja baadaye, wakiwemo Karničar na Kit DesLauriers wa Marekani, ambao wote wawili mwaka 2006 walikamilisha miteremko ya vilele virefu vya mabara saba, walikuta Kibo ya aina nyingine.

Mtu anayeteremka leo kutoka Stella Point kuelekea kambi ya Barafu hutembea zaidi juu ya changarawe na vumbi la volkano. Wageni huchomeka visigino na kuserereka, wakiacha uzito wa mwili uwashushe, kwa namna inayofanana sana na skii. Wapagazi hushuka njia hiyohiyo wakiwa na mizigo. Kanuni za hifadhi zinaweka ukomo wa kilo 20 kwa mpagazi, na njia ya Mweka hushuka zaidi ya mita 4,000 kutoka kileleni hadi lango la hifadhi. Wenyewe kwa wenyewe huitana wagumu. Jina hilo linastahili kuzingatiwa na mtafiti wa ugumu.

Ipo pia kumbukumbu ya kuteremka kwa miguu ambayo haijasahauliwa. Mwaka 2006 Simon Mtuy, mzaliwa wa Kilimanjaro, alipanda na kushuka mlima huo bila kusaidiwa kwa muda wa saa 9 na dakika 21. Mwaka 2014 Karl Egloff, mwenye asili ya Uswisi na Ekuado, alitumia saa 6 na dakika 42 kupanda na kushuka. Mtuy anatajwa kwa jina kwa sababu alikimbia kwa hiari yake, akiwa na saa mkononi. Waliopita njia hizo wakiwa na mahema ya wengine hawatajwi.

4.0 Kariakoo na Swali la Majina

Jina lina historia yake. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa kiongozi wa njia katika safari ya Meyer, alikuja kutambuliwa rasmi katika maadhimisho ya miaka 100 ya safari hiyo, mwaka 1989. Majina ya Meyer na Purtscheller yalikuwa vitabuni tangu mwanzo. Pengo hilo la karne moja ndilo insha hii inalolichukulia kama data.

Hapa Dar es Salaam pengo hilo linaonekana kwa macho. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi waliokufa kwa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia karibu 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji, inawataja wapagazi katika maandishi yake, lakini umbo lililofinyangwa kwa shaba ni la askari mwenye bunduki. Mpagazi hakupewa umbo. Alipewa mtaa, na jina lenyewe lilibadilishwa na ndimi za wakazi mpaka wengi wanaolitamka leo hawasikii tena ndani yake neno la ubebaji.

Ubebaji wenyewe haukuondoka. Kuzunguka soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, katika mitaa ya Kongo, Sikukuu na Mkunguni, mizigo bado huenda kwa bega, kwa toroli na kwa mkokoteni. Anayeushusha mkokoteni uliojaa kutoka Magomeni kuelekea bonde la Jangwani hufanya kazi ambayo mteremkaji wa skii angeitambua: huegemea nyuma, hukaza visigino, hukata kona kidogo kidogo ili uzito usimshinde. Tofauti ni kwamba akianguka, mzigo nao unamwangukia.

5.0 Pingamizi

Msomaji makini atapinga kwamba ulinganisho huu unachanganya mambo mawili. Mchezo huchaguliwa, ubebaji hulazimishwa na vita au na riziki. Saudan angeweza kubaki nyumbani. Pingamizi hili ni la haki, na insha hii inalikubali. Si sahihi kumwingiza mpagazi katika jedwali la rekodi za skii, kana kwamba heshima anayostahili ni ya mwanamichezo. Hilo lingemtendea dhuluma ya pili, kwa kuugeuza mzigo wake kuwa burudani.

Hata hivyo, kukiri tofauti ya hiari hakuhalalishi ukimya. Mteremko wa Everest wa 1970 na matumizi ya skii Kibo mwaka 1912 ni matukio ya mlolongo mzima wa kazi, si ya dakika za kuteremka pekee. Skii hazikutoka Kibo. Zilitoka mbali, na juu ya Moshi, ambako reli ilikuwa imefika, kazi ya kupandisha mizigo ya safari za Wazungu wa enzi hiyo iliwategemea wapagazi. Mwanahistoria anayeandika kuhusu sekunde za mwisho bila siku zilizotangulia anaandika nusu ya tukio.

6.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba mwinuko, kimo na uso ni vipimo halali vya ugumu, na kwamba miteremko kama ya Spencer, Everest na K2 inastahili nafasi yake. Imeonesha pia kwamba vipimo hivyo havitoshi kuielezea Kibo, ambako barafu inayoyeyuka imekuwa sehemu ya swali la ugumu, na ambako kila mteremko ulioandikwa ulitanguliwa na upandishaji ambao haukuandikwa. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo kuhusu safari za milimani Afrika Mashariki zianze na orodha za malipo ya wapagazi, pale zinapopatikana katika nyaraka za utawala wa Kijerumani na Kiingereza, kabla ya kwenda kwenye shajara za wapandaji. Orodha ya malipo ina majina ambayo shajara iliyaacha. Mtafiti aliye Dar es Salaam hahitaji kwenda Alps kuianza kazi hiyo. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Kariakoo.